Kitu na Utanzu Wake: Uhakiki wa Vitu vya Kila Siku katika Makumbusho ya Lamu na katika Fasihi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Makumbusho ya Lamu, yaliyo ufukoni mwa mji huo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ni hazina ya historia ya eneo. Ndani yake mna siwa mbili, moja ya shaba ya Lamu na moja ya pembe ya ndovu ya Pate. Mna pia mapambo, samani, mifano ya vyombo vya bahari, na vifaa vya jamii jirani za bara. Katika mitaa ya ndani ya mji huo ipo nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa ili kuonyesha jinsi watu wa Lamu walivyoishi: kitanda, mkeka, vyombo vya kupikia, na kuta zilizochongwa zidaka.

Vitu hivi vimechunguzwa zaidi na wanaakiolojia na wataalamu wa usanifu. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umevipa nafasi finyu. Kinu, mtungi au mkeka unapotajwa katika uhakiki, kwa kawaida huingizwa katika kifungu cha mandhari, au hufanywa ishara ya jambo jingine: kinu ni ishara ya ndoa, mtungi ni ishara ya uke. Ni nadra kuulizwa kitu hicho kilikuwa cha nani, kilishikwa na nani, na ni utanzu gani wa fasihi uliokihifadhi mpaka kikatufikia.

Hoja ya uhakiki huu ni kwamba katika fasihi ya Waswahili wa kaskazini, cheo cha kitu ndani ya nyumba hulingana na cheo cha utanzu uliokihifadhi. Siwa ina tarehe iliyoandikwa. Kidaka na sahani zake kina shairi la mawaidha. Mbacha na kibaba vina methali. Kinu, mbuzi ya kukunia nazi na mtungi wa maji, vitu vilivyoshikwa kila siku na mikono ya watumwa, vilikuwa na nyimbo za kazi ambazo hazikupewa heshima ya kuandikwa. Makumbusho yanayoonyesha vitu bila kuuliza tanzu zake, na uhakiki unaosoma tanzu bila kuuliza vitu vyake, yote mawili hurithi ngazi hiyo ya heshima bila kuichunguza.

2. Msingi wa uhakiki

Uhakiki huu umejengwa juu ya mawazo mawili. La kwanza ni la Mulokozi (1989), ambaye katika kuainisha tanzu za fasihi simulizi alisisitiza kwamba utanzu hautambuliwi kwa umbo la maneno peke yake. Fanani, hadhira, mahali, wakati na tukio ni sehemu ya utanzu wenyewe. Tukilipokea wazo hili, basi kifaa kilichokuwapo wakati wa tukio nacho ni sehemu ya muktadha. Wimbo wa kutwanga hauna mapigo bila mchi. Aidha, methali ya kipimo haina uzito kwa msikilizaji asiyewahi kuona nafaka ikipimwa.

La pili ni la Igor Kopytoff (1986), aliyependekeza kwamba kitu kina wasifu wake kama mtu alivyo na wake: kilitoka wapi, kiliuzwa lini, kilipata heshima gani, kilizeeka vipi. Wanaomnukuu Kopytoff husahau mara nyingi kwamba hoja yake inaanza na utumwa. Anamtazama mtumwa kama binadamu aliyegeuzwa bidhaa, kisha akaingizwa katika nyumba ya watu na kupewa nafasi mpya iliyompunguzia ubidhaa bila kuuondoa kabisa. Kwa mji kama Lamu, mwanzo huo ndio kiini cha jambo. Katika nyumba moja kulikuwa na vitu vilivyotendewa kama watu, na watu waliotendewa kama vitu.

3. Siwa: kitu chenye tarehe

Siwa si kitu cha kila siku, na kwa sababu hiyo inafaa kuwa kipimo cha kulinganishia. Ilipigwa katika arusi, tohara na sherehe za utawala, na haki ya kupigiwa siwa ilikuwa ya koo za waungwana. Kitu hiki kilikuwa na heshima, nasaba na masharti yake.

Habari za Pate, kama zilivyosimuliwa na Bwana Kitini na kuchapishwa na Stigand mwaka 1913, zina kisa cha siwa kinachostahili kusomwa kama kazi ya fasihi. Mwana Darini, mwanamke wa nasaba kubwa, alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya tohara. Aliomba siwa ya kifalme akanyimwa. Akamwita fundi aitwaye Mwenyi Baenyi, akamtaka amchongee siwa nyingine ya pembe, na siwa hiyo ikapatikana.

Kisa hiki kinatoa mambo matatu ambayo kabati la kioo haliwezi kuyatoa. Kwanza, kinaonyesha mgogoro. Pembe iliyolala kabatini huonekana kama alama ya umoja wa mji, ilhali ndani ya masimulizi ni chanzo cha ugomvi juu ya nani ana haki ya kushangiliwa hadharani. Pili, kinampa mwanamke nafasi ya mtendaji. Anaponyimwa heshima, Mwana Darini anaagiza itengenezwe. Tatu, kinalihifadhi jina la fundi. Katika makusanyo mengi ya Afrika, kitu hutajwa kwa jina la kabila lililokitumia au la mtu aliyekinunua, na aliyekitengeneza husahauliwa. Hapa msimulizi wa tarehe ya wafalme ameona ni sawa kumtaja Mwenyi Baenyi.

Uhakiki huu hauhitaji kuthibitisha kwamba siwa ya kisa ndiyo ileile iliyo makumbushoni. Linalohitajika ni kuona kwamba kitu cha daraja la juu kilivuta utanzu wa daraja la juu. Tarehe ya wafalme ilikubali kusimama kidogo ili ieleze pembe. Haikusimama kueleza kinu.

4. Kidaka: kitu chenye shairi

Tukitoka kwenye sherehe na kuingia ndani ya nyumba, tunakutana na zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa katika lipu ya ukuta na kupangwa safu juu ya safu. Nyumba ya jiwe ya Lamu huingiwa kupitia daka, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, mpaka kufika ndani, chumba cha siri zaidi. Huko ndani ndiko zidaka zilikozidi wingi na uzuri, na humo ziliwekwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka China. Linda Donley (1987), aliyefanya utafiti miongoni mwa wenyeji wa nyumba hizo, alionyesha kwamba vyombo hivyo havikuwa pambo tu. Vilihusishwa na kinga na utohara wa chumba ambamo watu walizaliwa na maiti kuoshwa.

Sahani hiyohiyo ilikuwa na wasifu mrefu. Ilivuka bahari ikiwa bidhaa. Mezani ikawa chombo, kidakani ikawa heshima na kinga. Nyingine ziliishia makaburini: kaburi la mnara la Mambrui, kusini mwa Lamu katika mwambao huohuo, lilitiwa vyombo vya kauri ya China katika kuta zake.

Shairi linaloujua wasifu huu kuliko mengine ni Al-Inkishafi, kazi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anayekadiriwa kuishi kati ya mwaka 1720 na 1820. Mshairi anauonya moyo wake kwa kuupeleka katika majumba ya Pate yaliyokuwa yamejaa taa, watu na vicheko. Anauonyesha kila kitu mahali pake, kisha anauonyesha mahali hapo palivyobaki. Zidaka zilizobeba sahani sasa zimekuwa viota vya makinda ya ndege. Popo, buibui na wadudu wameshika nyumba. Kitu kimetajwa kwa nafasi kiliyoiacha.

Hapa pana tofauti ya msingi kati ya shairi na makumbusho. Nyumba iliyokarabatiwa huirudisha sahani kidakani ili mgeni aone utajiri ulivyokuwa. Shairi huiondoa sahani ili msikilizaji aone utajiri unavyokwenda. Yote mawili ni mipangilio ya kitu kilekile, na kila mmoja una madai yake. Makumbusho hudai kwamba kilichopotea kinaweza kurudishwa. Mshairi hudai kwamba kilichopotea kinafundisha kwa sababu hakirudi. Anayetazama zidaka zilizojaa bila kulijua shairi hupata picha ya fahari isiyo na mwisho wake. Vilevile, anayelisoma shairi bila kujua kidaka ni nini hudhani kwamba mshairi anazungumzia uharibifu kwa jumla, na hivyo hukosa ukali wa picha yenyewe: mahali palipochongwa kwa ajili ya kinga ya nyumba ndipo mnyama wa porini alipoweka watoto wake.

Hata hivyo, shairi hili nalo linachagua. Linaomboleza wenye majumba. Wale waliozifuta sahani, kuzipanga na kuziwasha taa jioni hawaombolezwi wala hawaulizwi walikwenda wapi Pate ilipoporomoka. Katika mawaidha yake, anguko ni la tajiri. Maskini na mtumwa hawana cha kuanguka kutoka kwacho, kwa hiyo hawana nafasi ndani ya hoja.

5. Mbacha na kibaba: vitu vyenye methali

Chini ya kidaka, sakafuni, kuna mkeka. Mkeka mpya mzuri huweza kuingia makumbushoni. Mkeka uliochakaa, ukakatika ukingo na kubaki kipande cha kukalia, hauna sababu ya kuhifadhiwa na mtunzaji yeyote mwenye nafasi finyu. Kiswahili kina jina la kipande hicho: mbacha. Jina hilo limehifadhiwa na methali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao.

Methali hii ni maonyesho kamili ya vitu viwili. Mbacha ni duni lakini ni wako. Msala ni mkeka wa swala, safi na wenye heshima, lakini unapita na mwenyewe. Kwa kuviweka vitu hivi kando kwa kando, methali inafundisha uaminifu kwa kilicho duni. Msikilizaji asiyejua tofauti ya mbacha na msala hupokea wazo la jumla kwamba usidharau cha kwako, na hupoteza kipengele kikali zaidi: kinachokatazwa kukimbiliwa ni kitu kitakatifu. Methali inathubutu kusema kwamba hata heshima ya dini, ikiwa ni ya kuazima na ya kupita, haitoshi kumfanya mtu akitupe kitambaa cha umaskini wake.

Kibaba ni mfano wa pili. Ni kipimo cha nafaka: vibaba viwili ni kisaga kimoja, na vibaba vinne ni pishi moja. Leo kilo imekitoa kibaba sokoni, lakini methali ya haba na haba hujaza kibaba inaendelea kukitaja shuleni na majumbani. Wanafunzi wengi huifasiri kama methali ya kuweka akiba. Ukikishika kibaba chenyewe mkononi, fasiri hiyo huongezeka uzito, maana kibaba ni kipimo kidogo. Anayejaza kibaba kwa haba na haba hakusanyi utajiri. Anakusanya chakula cha siku. Methali imetoka mdomoni mwa mtu anayehesabu punje, na kuihamishia benki ni kuitoa nyumbani kwake.

Methali, basi, ni hazina iliyo tayari kupokea kile ambacho makumbusho hukikataa: kilichochakaa, kidogo, kilichovunjika. Chungu kibovu kimekuwa magae, husema wenyeji, na magae hayo yamehifadhiwa. W. E. Taylor, mmisionari aliyeishi Mombasa, alipochapisha mkusanyo wake wa methali za Kiswahili mwaka 1891, alikuwa pia anakusanya vifaa vya nyumbani pasipo kukusudia. Lakini methali ina udhaifu wake. Hukihifadhi kitu na kumwacha mwenye nacho. Tunajua mbacha, hatumjui aliyeukalia. Methali haina jina la Mwenyi Baenyi.

6. Kinu: kitu kisicho na mwandishi

Tumeshuka ngazi tatu: kutoka tarehe hadi shairi, kutoka shairi hadi methali. Ngazi ya nne ni ya vifaa vya kazi nzito. Nafaka hutwangwa kinuni, nazi hukunwa kwa mbuzi, maji huletwa kwa mtungi. Katika nyumba ya muungwana wa Lamu ya karne ya 19, kazi hizi zilikuwa za watumwa, hasa wanawake. Utumwa haukukomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Utanzu uliopaswa kuhifadhi vifaa hivi upo na una majina. Wataalamu huziita nyimbo za kazi hodiya. Huziita kimai zikiwa za baharini na wawe zikiwa za kilimo. Fasihi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu katika visiwa vya Lamu ilielekea kwingine: tendi za dini, kasida, mawaidha, nasaba na tarehe. Karatasi na wino vilikuwa ndani ya nyumba, na kinu pia kilikuwa ndani ya nyumba, lakini havikukutana.

Ukuta uliotenganisha vitu hivyo viwili unaonekana waziwazi katika Utendi wa Mwanakupona wa mwaka 1858. Mwanakupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, anamwita bintiye asogee na wino na karatasi ili apokee wasia. Utendi huu husifiwa, na kwa haki, kwa kuyaingiza maisha ya ndani ya nyumba katika utanzu wa heshima: namna ya kumpepea mume, kumtunza na kutomwamsha, namna ya kujipamba. Wosia wenyewe anaufananisha na kidani atakachomtungia mwanawe. Lakini ndani ya wosia huohuo mama anamkataza binti kutangamana na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Katazo hilo ndilo ushahidi mzito zaidi tulio nao juu ya mikono iliyoshika mchi. Linatuambia kwamba watumwa walikuwa karibu kiasi cha kuhitaji kukatazwa, na kwamba mpaka wa fasihi ulikuwa ndio mpaka wa nyumba. Muda wa kazi ulipokwisha, hapakuwa na neno la kuandika.

Shiraa inaeleza jambo hilohilo kwa lugha ya kitambaa. Mwanamke wa kiungwana wa Lamu alipotoka nje, alitembea chini ya kitambaa kikubwa kilichoinuliwa kama hema na kushikiliwa na wajakazi. Kitambaa kilimficha mwanamke mmoja na kuwaacha wengine wakionekana. Ukikitundika ukutani bila kuwataja walioshika miti yake, umeonyesha staha na kuficha gharama yake.

Methali nayo imeshiriki katika kuficha huko. Husemwa kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Neno mja lina upana wake: ni mtumwa, na pia ni kiumbe mbele ya Mungu. Katika matumizi ya kijamii, hata hivyo, methali hii huweka maneno upande wa mtumwa na matendo upande wa muungwana. Isome ukiwa umesimama mbele ya kinu, mbuzi na mtungi, na mantiki yake inapinduka. Matendo yote ya nyumba yalikuwa ya mja. Aliyekuwa na nafasi ya kunena, na kunena kwa mizani na vina kukahifadhiwa, alikuwa muungwana. Kifaa cha jikoni kinaisahihisha methali, na hii ndiyo faida ya kuvileta vitu ndani ya uhakiki: kitu huweza kushuhudia dhidi ya maandishi ya mwenye kitu.

7. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba mashairi na methali si orodha ya mali. Al-Inkishafi ni kazi ya mawaidha, na mshairi ana ruhusa ya kukuza fahari ili kukuza anguko. Pingamizi hili ni sahihi. Uhakiki huu hautumii shairi kuthibitisha idadi ya sahani. Unalitumia kuonyesha namna jamii ilivyokipanga kitu katika fikra zake. Mpangilio huo ni tukio la kihistoria kama sahani yenyewe ilivyo.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Huenda ikasemwa kwamba maneno hayahitaji vitu, maana yanaishi hata vitu vikiisha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo liliwahi kuwa makumbusho, na ukumbini mwake palikuwa na mtepe uliojengwa upya kwa kushonwa kwa kamba, mfano wa vyombo vilivyoundwa zamani katika visiwa vya Lamu. Tukio hilo linaonyesha kwamba mawe na mbao si salama kuliko kumbukumbu. Je, si bora kuwekeza katika maneno pekee?

Jibu ni kwamba maneno nayo huporomoka, ila bila kishindo. Msomaji anayekariri methali ya mbacha bila kujua mbacha ni nini anaishi katika nyumba iliyokwisha kuanguka. Uhunzi huendelea baada ya koleo kuvunjika kwa sababu yupo mhunzi ajuaye koleo jipya litengenezwe vipi. Akiondoka yeye, methali hubaki na sauti yake na kukosa mkono wake. Kitu na neno havibadilishani nafasi. Kila kimoja ni shahidi wa mwenzake, na hupungua kimoja kinapokosekana.

8. Athari kwa makumbusho na kwa uhakiki

Kutokana na hoja hii, mambo mawili yanafuata. Kwanza, maelezo ya kitu makumbushoni hayatoshi yakiishia kwenye jina, malighafi na mahali kilikopatikana. Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Maelezo ya kawaida yangesema: mti na chuma, Lamu, kifaa cha jikoni. Maelezo yanayopendekezwa hapa yangeongeza kwamba mkunaji huketi juu yake akiwa ameinama na meno ya chuma yakiwa mbele yake; kwamba katika nyumba za waungwana aliyeketi alikuwa mjakazi; na kwamba kazi hiyo ilikuwa na maneno na nyimbo zake. Sentensi tatu kama hizo hazihitaji jengo jipya wala fedha nyingi. Zinahitaji mtunzaji wa vitu na mtafiti wa fasihi wakae meza moja.

Pili, tasnifu ya fasihi inayokusanya tanzu za nyumbani iulize kitu pamoja na maneno. Mtafiti anaporekodi methali, arekodi kama msemaji amewahi kukishika kifaa kinachotajwa. Anaporekodi wimbo wa kazi, aeleze kifaa, mkao wa mwili na mapigo. Na anapokosa wimbo, asiseme tu kwamba data haikupatikana. Ukimya juu ya kinu katika fasihi iliyojaa siwa na sahani ni data yenyewe, na unapaswa kuchambuliwa kama unavyochambuliwa ubeti.

9. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba vitu vya Lamu vimetufikia kupitia tanzu zisizo sawa. Tarehe imehifadhi siwa pamoja na mgogoro wake na jina la fundi. Shairi la mawaidha limehifadhi kidaka kwa kukionyesha kikiwa kitupu. Methali imehifadhi mbacha na kibaba bila wenyewe. Vifaa vya kazi ya watumwa vimebaki na miili yao tu, mti, chuma na udongo, pamoja na katazo moja katika wosia wa mama kwa bintiye.

Thamani ya kitu cha kila siku katika hazina ya historia ya eneo haimo katika ukongwe wake pekee. Imo pia katika swali kinacholiuliza juu ya fasihi tunayoiita urithi: ni nani aliyekuwa chumbani wakati wino na karatasi vinaletwa, na ni nani aliyekuwa jikoni. Mhakiki anayelikwepa swali hilo atakuwa ameandika tena tarehe ya siwa.